Kampasi iliyojitenga au chuo cha katikati ya mji?

Umepata nafasi katika vyuo viwili. Kozi ni ileile, ada inakaribiana, na walimu wa pande zote mbili wana sifa nzuri. Chuo cha kwanza kimejitenga: kiko nje ya mji, na mabweni, maktaba, viwanja, zahanati na kantini vyote vimo ndani ya eneo moja unaloweza kulizunguka kwa miguu. Cha pili kiko katikati ya mji. Jengo moja liko mtaa huu, jingine liko vituo viwili vya basi kutoka hapo, na wanafunzi wengi wamepanga vyumba mitaani. Kilichobaki ni kuchagua kwa kuangalia maisha utakayoishi huko na huduma utakazozikuta.

Wengi wakifika hapo huanza kuhesabu vitu. Hiki kina bwawa la kuogelea, kile hakina. Hiki kina ukumbi mpya wa mazoezi, cha kile ni cha zamani. Mimi ningeanza kwingine: katika siku ya kawaida, isiyo na sherehe wala mechi, utakutana mara ngapi na watu walewale bila kupanga? Hapo ndipo vyuo hivi viwili vinapoachana kabisa, na hapo ndipo inapoamuliwa kama mwaka wa kwanza utauishi na wenzako au utaumaliza peke yako.

Marafiki hutoka njiani unamopita

Mwaka 1950 watafiti watatu, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika nyumba za wanafunzi wenye familia kwenye chuo cha MIT, Marekani. Wakazi wa nyumba hizo hawakuchaguliana majirani. Kila mmoja alipangiwa nyumba iliyokuwa wazi. Walipoulizwa marafiki zao ni akina nani, waliwataja wa mlango wa pili mara nyingi zaidi kuliko wa mwisho wa korido hiyohiyo, ingawa umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache. Waliokaa karibu na ngazi walijulikana hata na watu wa ghorofa nyingine, maana kila anayepanda au kushuka alipita mlangoni kwao.

Halafu kuna suala la muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotoka 2018, alikadiria kwamba watu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kujuana juujuu na kufikia urafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Anayeishi bwenini hukusanya saa hizo akiwa kwenye foleni ya chakula, akifua nguo, akitembea kurudi kutoka maktaba. Anayesafiri saa nzima kwenda chuoni na saa nzima kurudi nyumbani hana namna ya kuzipata ila azipangie ratiba, tena aziombe kwa watu ambao nao wanakimbilia basi.

Hili si suala la starehe tu. Tangu Vincent Tinto aandike mwaka 1975 kuhusu sababu za wanafunzi kuacha chuo kabla ya kumaliza, wataalamu wa elimu ya juu wamelipa uzito jambo aliloliweka mbele: mwanafunzi hubaki chuoni akijiona ana nafasi katika masomo na pia ana nafasi kati ya watu. Akikosa ya pili, hata mwenye alama nzuri anaweza kufungasha na kuondoka.

Kampasi iliyojitenga: jioni zinabaki hai

Wazo la kuwaweka wanafunzi, walimu na vitabu mahali pamoja limejaribiwa mara nyingi. Thomas Jefferson alipoanzisha Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1819, aliwapanga wanafunzi na maprofesa kuzunguka uwanja mmoja wa majani, na kichwani mwa uwanja huo akaweka maktaba. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwenye jengo la mjini, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Uingereza ya miaka ya 1960 nayo ilijenga vyuo vipya kadhaa kwenye ardhi tupu nje ya miji: Sussex, York, Warwick na vinginevyo. Hapa nitoe tahadhari ndogo kwa anayechagua chuo cha mbali kwa kusoma jina lake tu. Chuo Kikuu cha Warwick hakiko katika mji wa Warwick. Kiko pembezoni mwa mji wa Coventry. Fungua ramani kabla ya kujenga picha ya maisha yako kichwani.

Faida kubwa ya kampasi ya aina hii huonekana kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne au tano usiku. Huo ndio wakati wa mazoezi ya kwaya, midahalo, mpira, mikutano ya vyama, kusoma kwa vikundi, na mazungumzo yasiyo na ajenda ambayo watu huyakumbuka hata miaka mingi baada ya kuhitimu. Kama chumba chako kiko dakika tano kutoka hapo, utakwenda hata siku ambayo hujisikii sana. Utakwenda na viatu vya wazi, utakaa nusu saa, utarudi. Mkutano huohuo ukiwa unadai nauli na basi la mwisho, utakwenda mara mbili kisha utaacha, na hakuna atakayekulaumu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo ya vyuo havilitaji. Kampasi iliyojitenga humsaidia zaidi mtu mpole, yule asiyejua kuanzisha mazungumzo na mgeni. Mchangamfu atapata watu popote. Mpole anahitaji mazingira yamfanyie nusu ya kazi, aone sura ileile asubuhi, mchana na jioni hadi salamu igeuke mazungumzo yenyewe.

Gharama yake ipo, nayo si ndogo. Ukigombana na mtu mnayekaa korido moja, hakuna pa kukimbilia. Habari husambaa haraka, na mahusiano yakivunjika mtaendelea kukutana kantini hadi mwisho wa muhula. Unaozungukwa nao karibu wote ni wa rika lako, wenye mitihani ileile na hofu zilezile; mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitatu bila kuzungumza kwa kina na mtoto, mzee au mfanyakazi wa kazi nyingine. Duka likiwa moja, bei ni ile ile aliyoamua mwenye duka. Na wikiendi ni mtihani: katika baadhi ya kampasi, wenye nyumbani karibu huondoka Ijumaa, na wanaobaki ni wale waliotoka mbali, ambao ndio wenye haja kubwa ya wenzao.

Chuo cha mjini: mji wote ni wako, ila uutafute

Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, ambacho kwa desturi huhesabiwa kuanzia mwaka 1088, kiliota ndani ya mji. Wanafunzi wa zamani zile walipanga vyumba kwa wenyeji, wakajiunga kwenye makundi kufuata walikotoka, na makundi hayo yalikuwa na nguvu ya kuajiri walimu. Hadi leo majengo ya chuo hicho yamechanganyika na maduka, makanisa na nyumba za watu. London School of Economics, iliyoanzishwa 1895, nayo imebanana katikati ya London, jirani na mahakama kuu.

Anayesoma mahali kama hapo hahitaji chuo kimjengee kila kitu. Makumbusho, kumbi za muziki, maktaba za umma, mahakama, magazeti, hospitali kubwa na ofisi za mashirika viko umbali wa kutembea. Kwa anayesoma sheria, uandishi wa habari, sanaa au biashara, ukaribu huo ni sehemu ya masomo yenyewe. Anaweza kusikiliza kesi asubuhi na kuingia darasani mchana. Kazi ya muda ya saa chache kwa wiki hupatikana kwa urahisi zaidi, na mafunzo kwa vitendo hayadai kuhama. Pia kuna uhuru wa kutojulikana. Aliyetoka mahali ambapo kila mtu alijua habari zake huupenda sana uhuru huo, na mimi naona ni sababu halali kabisa ya kuchagua chuo, hata kama ni vigumu kuieleza mbele ya wazazi.

Tatizo ni kwamba kipindi kikiisha, darasa linayeyuka. Watu mia moja waliokaa ukumbi mmoja wanatawanyika pande kumi za mji, na usipokuwa umeomba namba ya simu hutawaona hadi kipindi kijacho. Wiki za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu mji una watu wake wenye maisha yao na haumpokei mgeni kwa sherehe. Vifaa navyo hutawanyika. Viwanja vya michezo vya London School of Economics viko Berrylands, kusini-magharibi mwa London, kwa hiyo mchezaji wa timu ya chuo hupanda treni kwenda kucheza. Si kasoro ya chuo hicho peke yake. Ardhi ya katikati ya mji haitoshi kuwekwa magoli.

Yako majibu mazuri, na anayelinganisha vyuo vya mjini ayatafute. Uppsala, Sweden, ni chuo cha tangu 1477 ambacho majengo yake yako ndani ya mji, lakini wanafunzi wake wana vyama 13 vinavyoitwa kwa majina ya mikoa ya nchi hiyo. Vyama vingi vina jengo lake, na humo mna kwaya, michezo, chakula cha pamoja na sehemu za kusomea, vyote vikiendeshwa na wanafunzi wenyewe. Hadi mwaka 2010 sheria ilimtaka kila mwanafunzi ajiunge. Siku hizi ni hiari, na bado watu hujiunga. Chuo cha mjini chenye nyumba ya wanafunzi ya namna hiyo, hata moja tu, kimeshafidia sehemu kubwa ya kile kinachokosekana kwa kutokuwa na kampasi.

Kwa hiyo ukitembelea chuo cha mjini, tafuta kitu kimoja kabla ya vingine vyote: mahali ambapo mwanafunzi anaweza kukaa kati ya kipindi na kipindi bila kulazimika kununua chochote. Viti, meza, soketi za umeme, maji ya kunywa, choo safi. Kama pako na pamejaa watu wanaozungumza, chuo kina uhai. Kama kila mtu amekaa kwenye ngazi na simu yake akisubiri saa ifike, jua kwamba utatumia miaka yako njiani.

Huduma zipimwe kwa saa, foleni na umbali

Ramani ya chuo huonyesha kilichopo. Haionyeshi kama utakifikia. Maktaba ya ghorofa nne inayofungwa saa mbili usiku wakati wa mitihani ina manufaa madogo kuliko chumba cha kawaida kilicho wazi usiku kucha. Uliza saa za kufungwa wakati wa mitihani na wikiendi, kisha uliza idadi ya viti na uilinganishe na idadi ya wanafunzi. Kampasi iliyojitenga kwa kawaida hushinda hapa, kwa sababu kurudi bwenini saa sita usiku ni kutembea tu. Katika mji, maktaba ya usiku kucha haina maana kubwa kama hakuna usafiri salama wa kurudi.

Kuhusu michezo, swali ni nani mwenye kipaumbele. Viwanja vizuri sana vinaweza kuwa vimekodishwa kwa watu wa nje au vimetengewa timu za mashindano, na mwanafunzi anayetaka kukimbia tu jioni akabaki kutazama uzio. Bwawa linalopamba picha za chuo linaweza kufunguliwa kwa saa mbili kwa siku.

Afya naipa uzito mkubwa kuliko bwawa na ukumbi wa mazoezi vikiwekwa pamoja. Je, zahanati ina daktari usiku? Anayetaka ushauri nasaha husubiri siku ngapi kati ya kuomba na kuonana na mshauri? Mjini hospitali iko karibu, lakini huenda ukakaa chumbani peke yako ukiumwa bila mtu kujua. Kwenye kampasi mwenzako wa chumba atakuona hukuamka, ila hospitali kubwa inaweza kuwa mbali. Mwenye ugonjwa wa kudumu alipime hili kabla ya jambo lolote jingine.

Anayetumia kiti cha magurudumu, au anayeona kwa shida, asikubali jibu la “tunazo huduma”. Vyuo vilivyojengwa mlimani vina ngazi na miinuko. Majengo ya zamani ya mjini mara nyingi hayana lifti, au yanayo moja inayoharibika. Omba upitishwe njia yote kutoka chumbani hadi darasani, hadi maktaba, hadi chooni. Wanawake nao wana haki ya kuuliza kuhusu taa za usiku kwenye njia za kampasi na kuhusu mitaa ya kutokea kituo cha basi. Njia hiyo itembewe giza likiwa limeingia.

Intaneti siku hizi ipo karibu kila mahali, kwa hiyo sitakaa hapo. Angalia tu kama chuo kimo kwenye mtandao wa eduroam, unaomwezesha mwanafunzi kuunganishwa kwa akaunti ya chuo chake akiwa kwenye vyuo vingine, katika nchi zaidi ya 100. Kwa anayesoma mjini akihamahama kati ya maktaba, hiyo ni nafuu kubwa.

Idadi ya vyama haisemi mengi

Vyuo hupenda kujisifu kuwa vina mamia ya vyama vya wanafunzi. Idadi hiyo huhesabu pia vyama vilivyolala. Mwanafunzi mmoja hawezi kushiriki kwa dhati zaidi ya viwili au vitatu, hivyo kinachokuhusu ni kama hicho unachokitaka wewe kinakutana kila wiki, wapi, na saa ngapi. Chuo kidogo chenye chama kimoja cha maigizo kinachoonyesha mchezo kila muhula kitakupa jukwaa mapema, hata kama hujawahi kuigiza. Chuo kikubwa kitakuwa na vikundi bora zaidi, na pengine vitakufanyia usaili na kukukataa. Mwenye kipaji kilichokwisha kuiva aende penye ushindani. Anayetaka kuonja mambo mapya atafurahi zaidi palipo na watu wachache na nafasi wazi.

Imani, lugha na asili ya mtu nazo zina nafasi hapa. Mwanafunzi wa kutoka mbali anahitaji kujua kama kuna hata kundi dogo la watu wa kwao au wa imani yake. Mji mkubwa hushinda bila shida: usipowapata chuoni utawapata mtaani. Kwenye kampasi ya mbali, kama chama chao hakipo, hakipo.

Vyuo visivyoingia upande wowote

Oxford na Cambridge ziko ndani ya miji, lakini kila mwanafunzi ni wa koleji fulani yenye vyumba vyake, ukumbi wake wa chakula na maktaba yake. Anapata ujirani wa kampasi ndogo na mji uko mlangoni. Ukichagua chuo cha namna hiyo, linganisha koleji kwa koleji, maana moja inaweza kukupa chumba miaka yote na nyingine isikupe.

Upande wa pili kuna Ciudad Universitaria ya chuo cha UNAM, jijini Mexico. Ni kampasi kubwa ajabu, kitovu chake kiliingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2007, na uwanja wake ulitumika kwa Olimpiki ya 1968. Kwa vifaa, vyuo vichache vinaisogelea. Lakini wanafunzi wake wengi hulala mjini, si kampasini, na jioni hurudi makwao. Mtu akiona viwanja na bustani anaweza kudhani anaingia kwenye maisha ya bwenini, kumbe anaingia kwenye maisha ya kusafiri kila siku. Kampasi huhesabika kuwa kampasi, kwa maana ninayoizungumzia hapa, kama watu wanalala humo.

Ningekushauri hivi

Kama unaondoka nyumbani kwa mara ya kwanza, huna mtu unayemjua unakokwenda, na si mwepesi wa kuzoea watu, chukua kampasi iliyojitenga, hata ikiwa vifaa vyake ni vya zamani. Utavumilia ukumbi wa mazoezi wenye vyuma vya kutu. Upweke wa mwaka mzima ni mgumu zaidi kuuvumilia.

Kama umeshafanya kazi, una familia, una ndugu katika mji huo, au fani yako inaishi mjini, chukua cha mjini bila kusitasita. Saa 200 za urafiki unaweza kuwa unazo tayari na watu wengine. Kampasi itakupa sherehe usizozihitaji na kukunyima mafunzo ya kazi unayoyahitaji.

Kama uko katikati, tembelea vyuo vyote viwili siku isiyo ya maonyesho. Nenda Jumatano saa kumi na mbili jioni, kisha Jumapili saa nne asubuhi, utazame ni nani yuko nje na anafanya nini. Usipoweza kusafiri, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, si wa kwanza ambaye bado yuko kwenye fungate wala wa mwisho anayewaza kazi, umuombe akusimulie Jumanne yake iliyopita kuanzia alipoamka hadi alipolala. Usimuulize kama chuo ni kizuri.

Kabla ya kujibu barua ya udahili, uliza kwa maandishi jambo moja: nafasi ya bweni imehakikishwa kwa mwaka wa kwanza tu au kwa miaka yote? Vyuo vingi huahidi mwaka wa kwanza. Ikiwa mwaka wa pili utatolewa bwenini na nyumba za kupanga zilizo karibu ziko umbali wa basi, basi ulichokuwa unakiita kampasi kitageuka kuwa chuo cha kusafiria, tena kisicho na mji wa kukufidia. Katika hali hiyo chuo cha mjini, ambacho utakuwa umekizoea tangu mwanzo kwa mitaa yake na mabasi yake, kinaweza kuwa chaguo bora hata kwa mtu mpole.